Mwanangu, ng'ombe wakikujia, iachie kamba

Mwanangu,

Jana jioni mama yako, huku anakunja nguo, ameniambia kwamba Jumamosi unaanza kutembea kwa mguu kutoka hapa Reading mpaka Bath, huku huku Uingereza, kando ya mfereji wa mashua, siku nane, wewe na mbwa wa rafiki yako. Aliongea kama vile ni jambo ninalolijua. Sikumwambia kwamba silijui. Nilinyamaza, nikaenda kukagua boila, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Ningeandika kwa Kiingereza ungepitisha macho tu. Hivi itakubidi usome polepole, na hapo kwenye ng'ombe ndipo nataka usome polepole.

Ukipita malishoni, mbwa awe kwenye kamba fupi. Hilo unalijua, na wenye mifugo wanalitaka. Lakini ng'ombe wakianza kukujia, iachie kamba. Usiikunje mkononi, usimbebe mbwa, usijaribu kumkinga. Iachie. Wanamtaka yeye, hawakutaki wewe. Yeye atawashinda mbio, halafu atakutafuta. Wewe huwashindi. Najua utasema ni mbwa wa mtu, utamwambia nini mwenyewe. Mwambie baba ndiye aliyesema.

Wiki hii nimesoma kwenye simu habari ya mpita njia aliyekanyagwa na ng'ombe. Usicheke. Wenzangu pale karakana, miaka yote hii, wakitaka kunichokoza huniuliza habari za simba. Simba mimi nimemwona kwenye picha. Ng'ombe ndio nimewaona, na hapa hapa Uingereza kila mwaka wanaua watu, wengi wao wafanyakazi wa mashambani, wachache wapita njia. Ukisoma habari za hao wapita njia, mara nyingi utakuta kuna mbwa na kuna ndama. Na huu ni mwezi wa tano, mwanangu. Ndama wamejaa kila mahali.

Kwa hiyo sikiliza, maana kazi hii ya kuchunga niliifanya kabla ya kazi nyingine yoyote. Ng'ombe mwenye ndama usipite katikati yake na mwanawe, hata kama njia inapita hapo hapo. Zunguka mbali, ukikosa pa kuzungukia rudi ulikotoka. Maksai wadogo watakufuata kundi zima wakikukodolea macho; hao ni umbea tu, geuka uwatazame, nyoosha mikono, ongea nao kwa sauti ya chini. Usikimbie. Ng'ombe akiona kitu kinakimbia hajiulizi kwa nini, anakifuata. Fahali wa mbegu ya maziwa aliyezidi miezi 10 sheria inakataza kuwekwa penye njia ya watu, lakini fahali wa nyama anaruhusiwa akiwa na majike. Mimi sheria hiyo siielewi. Labda walioitunga hawakuwahi kuchunga.

Na baba yako mdogo anavyochechemea, unadhani alizaliwa hivyo? Alikuwa na miaka sita. Ng'ombe alikuwa amezaa usiku ule. Mbwa alikuwa wangu, na kamba alikuwa ameishika yeye kwa sababu nilimwambia asiiachie. Basi.

Nimeitazama ramani yako, ile uliyoiacha juu ya friji. Umepanga vizuri, sina budi kusema. Kulala Woolhampton, Newbury, Hungerford, Great Bedwyn, hakuna siku ya kujiua. Nimefurahi pia kuona umezungushia duara vituo vya treni. Mpaka Pewsey reli iko karibu nawe karibu muda wote, kwa hiyo ukichoka au ukiumia panda treni urudi, hakuna atakayekuuliza. Lakini viatu vya pauni 140 na kofia ya mvua huna! Chukua koti langu la kazini, lile la njano. Linanuka oili kidogo.

Karibu na Thatcham kuna loki, yaani kile chumba cha mageti cha kupandisha na kushusha mashua, ambayo kingo zake ni za udongo na nyasi, badala ya ukuta wa mawe. Zamani zilikuwa nyingi kwenye mto Kennet, sasa zimebaki mbili. Sehemu hiyo ya mto ilianza kupitisha mashua mwaka 1723, wakati hata mfereji wenyewe haujachimbwa. Usisimame ukingoni kupiga picha, utelezi.

Ukitoka Hungerford kwenda magharibi utapita kwenye majani yenye unyevunyevu, panaitwa Freeman's Marsh. Hapo pana loki yenye daraja la kuzungusha juu yake, na hapo ng'ombe hulishwa bila uzio kati yenu. Nimepaweka alama nyekundu kwenye ramani yako. Samahani kwa kuichora. Kwingine mara nyingi njia ya mfereji ina uzio au ua wa miti, haina shida sana. Shida ni pale utakapoiacha kwenda kuona kitu, nawe ninakujua, utaiacha. Yule farasi mweupe wa Alton Barnes, aliyechongwa kwenye kilima cha chokaa mwaka 1812, utamwona vizuri tu ukiwa kando ya maji. Si lazima ukamguse.

Crofton usiipite bila kusimama. Kuna pampu ya mvuke iliyosimikwa mwaka huo huo wa 1812, na mpaka leo inaweza kufanya kazi yake pale pale iliposimikwa. Mfereji unapanda kilima, na juu ya kilima hakuna mto wa kuujaza, basi ilibidi maji yasukumwe kwenda juu. Siku hizi kazi ya kila siku inafanywa na pampu za umeme, ya mvuke wanaiwasha wikendi chache kwa mwaka. Mimi natengeneza mabasi yanayokufa yakifika miaka 15. Nipigie picha ile boriti kubwa inayopanda na kushuka, na boliti zake, kwa karibu.

Halafu mfereji unaingia chini ya ardhi, kama mita 460, na humo hamna njia ya miguu. Farasi walikuwa wanafunguliwa, wanapitishwa juu ya kilima, na watu wa mashua wanajivuta gizani kwa minyororo iliyofungwa ukutani. Wewe pita juu walikopita farasi. Baada ya hapo, kuanzia Wootton Rivers mpaka Devizes, ni maili 15 bila loki hata moja, ngano na maua ya njano ya kukamulia mafuta pande zote. Hapo ndipo naomba unipigie simu, maana hapo ndipo mtu anasahau kutazama mbele.

Devizes, zile loki 29, sina la kukueleza, ulikuwepo. Safari hii tu utakuwa unashuka.

Nimesoma pia kwamba mfereji huu ulikamilika mwaka 1810, na mwaka 1841 treni ya London mpaka Bristol ikaanza, mizigo ikahama. Mwaka 1852 kampuni ya reli ikaununua mfereji wenyewe. Mtu anakunyang'anya wateja, kisha anakununua! Kufika miaka ya 1950 ulikuwa matope na mabua. Waliouokoa wengi wao ni watu wa kawaida, walikuwa wanatoka makwao wikendi na makoleo. Malkia Elizabeth akaja kuufungua tena Agosti 1990. Nilipofika hapo nikaacha kusoma. Watu walikuwa na Jumamosi zao.

Jumamosi zangu unajua zilikokwenda. Kutoka mlangoni petu mpaka kwenye maji yale ni dakika kumi, nami nimekaa nyumba hii miaka 19. Uliponiomba tufike Theale tu, ulikuwa na miaka kumi na moja. Sisemi kitu. Zamu ya Jumamosi ilikuwa inalipwa mara moja na nusu, na kitanda unacholalia kimetoka humo, na kaka yako meno yake yamenyooka. Ila ungeniambia mimi kabla ya mama yako, ningekuwa nimeomba ruhusa. Siku mbili za kwanza hivi. Mpaka Newbury ningefika.

Kila jioni jikague kupe, nyuma ya magoti na kwapani, na mkague mbwa masikioni. Ukimkuta kupe mtoe kwa kibanio kilicho karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu. Sisi tulikuwa tunawachoma kwa njiti ya kiberiti, usifanye hivyo. Ukiona wekundu unaotanuka kama duara, hata baada ya wiki tatu, nenda kwa daktari, umtajie ugonjwa wa Lyme wewe mwenyewe. Mageti yaache ulivyoyakuta. Na kama ng'ombe wameziba geti, usiwaswage. Una ruhusa ya kuiacha njia na kuwazunguka. Wakikujia iachie kamba, narudia, hata kama unaona aibu.

Mama yako presha yake iko sawa, alipima Jumatatu. Usimtumie picha ukiwa umesimama juu ya mageti ya loki. Kaka yako amefeli tena mtihani wa udereva, usimtaje. Ile barua ya kodi ya halmashauri yenye jina lako nimeifungua kwa bahati mbaya, nikailipa, tutaongea. Chumba chako nimekipaka rangi nyeupe kwenye ile kona yenye ukungu, kwa hiyo usiegemeze kitu mpaka kikauke. Tochi yangu iko kwenye begi lako, mfuko wa pembeni, betri ni mpya. Naitaka ikirudi.

Na kuna fimbo nyuma ya mlango wa jikoni. Usiku huu nimeikwangua maganda. Utaiona ndefu, usiikate, urefu wake ndio huo.

Baba