Filamu ya watoto: tunaanza kupiga picha Jumatatu

Assalaam aleikum na habari za asubuhi, wazazi wangu wa Bagamoyo. Shule zimefungwa, na hadithi ya watoto imekamilika: binti anayemzuia babu yake asiuze ngalawa. Wameitunga wenyewe. Naombeni tusiwarekebishie maneno. Wanazungumza kama wanavyozungumza mtaani, na huo ndio uzuri wake.

Tukutane ufukweni, karibu na soko la samaki, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hapa kwetu jua linachomoza baharini, kwa hiyo anayepiga picha ataipa bahari mgongo na mwigizaji ataielekea, uso upate mwanga laini. Ikifika saa nne jua linakuwa kali, macho yanafinywa, na upepo unavuma kwenye maikrofoni hadi maneno hayasikiki. Simu ya kupigia picha ilazwe kwa upana, isisimamishwe wima. Anayeweza kuazima simu yenye nafasi, aje nayo ikiwa na chaji.

Jumatano tutakwenda Kaole. Pale pana magofu ya misikiti na makaburi ya kale, basi tuwaambie watoto mapema: hakuna kupanda juu ya makaburi wala kung'oa jiwe.

Uji na mihogo vipo. Mama wa zamu mniambie leo.

Mzazi asiyetaka sura ya mwanawe ionekane aniandikie pembeni. Kuna kazi ya kunasa sauti, na mtoto makini anahitajika sana hapo.