Shukran kwa yule mzee wa Malindi

Jamani hili lazima niliseme, nilikuwa na pepa ya chuo juu ya ubishi wa uwindaji, zimebaki siku 3 na nimekwama, nilichojua ni Kenya ilipiga marufuku 1977 na Tanzania bado wanatoa leseni, basi. Mzee mmoja akaniona kwa saiba (cyber ya intaneti) nimeshika kichwa, akakaa nami mpaka magharibi akinieleza vile Waata, jamii ya wawindaji wa sehemu za Tsavo, walivyowinda ndovu kwa pinde na mishale ya sumu, halafu Tsavo ikafanywa mbuga 1948 wakaanza kuitwa majangili kwao wenyewe. Rasimu aliisoma yote, kila nilipoandika "watu wanasema" ananiuliza watu gani? Wenye ujuzi kaeni na vijana hivi. Soda alikataa kabisa. Shukran sana babu.