Kijito hakihitaji saruji

Mhariri,

Wakazi wakiamua kufufua kijito cha mtaani, mara nyingi wazo la kwanza ni kukinyoosha kwa mfereji wa saruji. Sioni faida yake. Maji yakinyooshewa njia hukimbia kwa kasi, yakala kingo za huko chini na kujaza tope bwawa lolote lililo mbele. Kijito kiachiwe kona zake, kiwekewe mawe ya kupunguza mbio za maji, na kingoni papandwe matete. Mizizi hushika udongo na kunyonya mbolea inayochuruzika kutoka bustanini, ile inayozalisha ukoga wa kijani na kuwakosesha samaki hewa. Mbu? Watoto wa kereng'ende hula viluwiluwi vyao. Ila kwanza tafuteni bomba la majitaka lililofichwa vichakani. Kwa kawaida halikosekani.

Mkazi wa kando ya kijito