Kupima upya viini vya elementi adimu si kupoteza muda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeuliza kwa nini wanasayansi wanaendelea kutumia mitambo ya gharama kubwa kupima namna mionzi inavyong'oa chembe kutoka katika viini vya elementi adimu kama thuliamu, ilhali vipimo vya aina hiyo vilianza kufanywa kwa wingi tangu miaka ya 1960. Swali lake ni la haki, na wengi hapa Tabora wangeuliza vivyo hivyo. Jibu langu ni kwamba vipimo hivyo vya zamani havikubaliani, na wanaozitegemea namba zake ni wengi.

Mtambo wa kuongeza kasi ya elektroni huzirusha elektroni kwenye bamba la metali nzito, mara nyingi tungsteni au tantali. Zikikwama ghafla ndani ya bamba hilo, hutoa fotoni, yaani chembe za mionzi, za kila kiwango cha nishati, kuanzia karibu na sifuri hadi kufikia nishati ya elektroni zenyewe. Fotoni yenye nishati inayozidi takribani elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) milioni 8 ikimezwa na kiini cha thuliamu inaweza kung'oa nutroni moja. Ikizidi takribani milioni 15 inaweza kung'oa mbili. Kati ya milioni 12 na 16 hivi kiini kizima hutikisika, protoni zikivutwa huku na nutroni kule, na hapo ndipo uwezekano wa fotoni kumezwa unapopanda sana. Kwa kuwa viini vya elementi nyingi adimu vimerefuka badala ya kuwa duara kamili, mchoro wa uwezekano huo huwa na nundu mbili.

Sehemu kubwa ya vipimo vya zamani ilitoka katika maabara mbili, Livermore ya Marekani na Saclay ya Ufaransa. Livermore waliizungushia sampuli mirija ya kunasa nutroni iliyozamishwa katika nta ya parafini. Saclay walitumia tangi la kimiminika kilichochanganywa na gadoliniamu, ambayo nayo ni elementi adimu. Kunasa nutroni hakukuwashinda. Kilicholeta utata ni kuamua kama nutroni mbili zilizonaswa pamoja zimetoka katika kiini kimoja au katika viini viwili tofauti. Kwa jumla Saclay walihesabu zaidi matukio ya nutroni moja na Livermore wakahesabu zaidi matukio ya nutroni mbili, na kwa viini vingi, vikiwamo vya elementi adimu terbiamu na holmiamu, hitilafu hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge ambaye robota lake limepimwa kwenye mizani mbili na kutoa uzito tofauti hatakubali kuambiwa achukue wastani. Atataka mizani zenyewe zihakikiwe kwanza.

Kuna njia ya uhakiki inayofaa hasa kwa thuliamu, nayo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Thuliamu ya asili ina isotopu (aina ya kiini yenye idadi yake ya nutroni) moja tu, yenye namba ya uzito 169, kwa hiyo kila kinachozalishwa kinajulikana kimetoka wapi. Karatasi nyembamba ya metali hiyo huwekwa mbele ya bamba la tungsteni pamoja na kipande cha dhahabu, ambayo tabia yake kwa fotoni inafahamika vizuri na hutumika kukadiria wingi wa fotoni zilizopita. Mtambo ukizimwa, karatasi hupelekwa kwenye kigunduzi cha jemaniamu. Kiini kilichopoteza nutroni moja kimekuwa thuliamu-168, ambayo nusu ya viini vyake huoza kwa siku 93. Kilichopoteza mbili ni thuliamu-167, ya siku 9 na robo. Kilichopoteza tatu ni thuliamu-166, ya saa 7.7. Kila kimoja hujitambulisha kwa mionzi yake chenyewe. Thuliamu-168 hutoa mstari wa gama, yaani mionzi ya nishati yake maalumu, wenye elektronivolti 198,000 na thuliamu-167 mstari wa 208,000. Mistari hiyo imekaribiana sana, lakini jemaniamu huitenganisha bila shida, na hivyo hakuna haja ya kukisia nutroni ngapi zilitoka pamoja. Njia hii ina udhaifu wake: kwa kuwa fotoni ni za nishati mchanganyiko, kinachopatikana ni wastani juu ya nishati hizo zote, wala si thamani ya nishati moja moja. Ndiyo maana inahitaji vipimo vingine vya kuikamilisha, kama vile vilivyofanywa katika kituo cha NewSUBARU, Japani, ambako fotoni za leza hugonga elektroni zenye kasi kubwa na kutoa mionzi ya nishati inayokaribia kuwa moja.

Nani anazihitaji namba hizi? Mgonjwa anayesafiri kutoka Tabora kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road anatibiwa kwa mashine iliyo ndugu wa mtambo huo huo. Mashine za matibabu zinazofanya kazi juu ya megavolti 10 hung'oa nutroni kutoka katika tungsteni na risasi zilizomo ndani yake, na anayekadiria unene wa kuta na mlango wa chumba hutegemea majedwali yaliyojengwa kwa vipimo vya aina hiyo hiyo na kutoka maabara zile zile. Wanaotafuta njia ya kuzalisha isotopu za tiba bila kinu cha nyuklia nao huanzia kwenye majedwali hayo, na jedwali lililokosewa litawaahidi dawa ambayo haitapatikana.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitoa toleo jipya la majedwali haya mwaka 2019, likihusu aina 219 za viini, na vipimo ghafi vimo katika hifadhidata yake iitwayo EXFOR, ambayo mtu yeyote huisoma bila malipo. Mwanafunzi wa kidato cha sita wa hapa Tabora mwenye intaneti na karatasi ya grafu anaweza kuchora vipimo vya Saclay na vya Livermore vya holmiamu juu ya mhimili mmoja na kuiona hitilafu hiyo kwa macho yake. Nakuomba, Ndugu Mhariri, siku gazeti lako litakapoandika tena kuhusu vipimo hivi, lichapishe pamoja na namba kiasi cha shaka kilichoambatana nayo, kwa kuwa mwanasayansi aliyepima alikiandika.

Mwalimu wa fizikia,
Tabora