Barua kwa mwanangu kabla hajapanda ndege

Mwanangu Yusuf,

Nimekuta karatasi ya vidonge ndani ya kiatu chako cha mpira. Hakijatobolewa hata kimoja. Sikutaka kukuamsha, nimeona heri niandike, maana tukianza kwa mdomo utaniambia "sawa mama" na yataishia hapo.

Kolkisini, dawa ya hii homa yako ya Mediterania ya kurithi, ni kila siku. Siyo siku ya homa, kila siku. Homa ikishapanda itakaa siku 1 hadi 3 na kuondoka itakapotaka yenyewe. Kazi ya dawa ni kuizuia isije. Mwaka mzima hujalazwa, basi umejiona umepona. Hujapona, ulikuwa unameza dawa.

Halafu Dar siyo Izmir. Hapa Uturuki ukifika hospitali una homa na goti limevimba, hata mtu wa mapokezi anauliza kama ni ile homa ya Mediterania, kwa sababu naye ana binamu anayo. Kule homa ni malaria mpaka kipimo kiseme vingine, na siwalaumu. Kwa hiyo homa ikija upime malaria kila mara, usijifanye daktari ukasema "hii ni ile yangu". Kipimo kikisema huna, usimezeshwe dawa ya mseto ya malaria kwa kubahatisha. Toa barua ya daktari, nimeibandika ndani ya jalada la pasipoti.

Goti ndilo linaloninyima usingizi. Wakilitoboa kwa sindano maji yatatoka ya ukungu, yamejaa chembe nyeupe za damu, na asiyeijua homa yako ataona usaha. Aione hiyo barua kabla hajashika kisu. Kifundo cha mguu kikivimba na lile baka jekundu la moto juu ya soksi likitokea, vitanywea baada ya siku kadhaa kama kawaida yao. Nyonga siyo hivyo. Nyonga haina adabu: kwa wachache huuma ikabaki, ikasagika mpaka wakawekewa ya bandia. Ukichechemea wiki nzima usinifiche, nitajua tu kwa sauti. Mpira cheza, nikikukataza utacheza pia. Ila kucheza jioni nzima halafu kurudi kwa miguu kwa sababu umekula nauli, hapana.

Ulivyofanya mtihani mguu ukiwa juu ya kiti, baba yako mpaka leo anawasimulia wateja dukani. Kichwa kama hicho, na dawa unaitia kwenye kiatu!

Bibi yako Tanga atasema ni kijicho. Mwitikie, unywe na uji wake. Wewe unajua ni jeni ya MEFV, na kipimo kilionyesha nakala moja yenye kasoro, ya upande wa baba yako. Kwangu hawakuona kitu. Baba yako hapendi kulisema hili, lakini ami yake aliugua miaka ambayo kolkisini ilikuwa bado haijajulikana kuwa inazuia homa hii. Hilo lilikuja 1972. Miguu ilimsumbua ujana wote, lakini kilichomuua ni figo. Kwa hiyo mkojo upimwe protini kila miezi 6, hata kama mguu hauumi, hata kama una mtihani. Vidonge 3 kila siku, Yusuf. Ukisahau leo, kesho usifidie kwa kumeza mara mbili. Ukiandikiwa antibiotiki ya klarithromisini, sema kwanza unatumia kolkisini. Na mabalungi ya bibi uyaangalie kwa macho tu, yanaifanya dawa izidi mwilini. Weka vidonge juu kabisa ya kabati, watoto wa mjomba bado wadogo na kwao hiyo ni sumu.

Dawa zote ziwe kwenye begi la mgongoni, siyo kwenye sanduku, masanduku hupotea. Mafuta ya zeituni ya mjomba nimeyafunga kwenye taulo la bluu. Likilowa, anza na hilo kufua. Elif ameshauliza kama anaweza kuhamia chumbani kwako, nimemwambia asubiri angalau ndege iruke.

Hela za mabati mpe bibi mwenyewe mkononi. Siyo mjomba. Mjomba atasema atazifikisha, wewe mwambie mama kakataza.

Mama yako