Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025 – Pasua, Moshi

Ndugu wanachama wa umoja wetu, nawasalimu nyote.

Shughuli za kawaida mnazijua: misiba minne, usafi wa mitaro kabla ya masika, wagonjwa tuliowaona. Sitazirudia, maana lipo jambo linalosemwa kila kibarazani na mna haki ya kupata maelezo: fedha za maturubai na viti kutumika kuvuta intaneti.

Ni kweli. Katika shilingi 2,400,000 tulizochanga, 1,850,000 zilinunua antena, ruta, nyaya na betri, zimebaki 550,000. Inadaiwa niliamua peke yangu. Mkutano uliitishwa mara mbili. Kati ya wanachama 64, mara ya kwanza walifika 19, mara ya pili 14. Tulikaa tangu saa nane hadi saa kumi kasoro robo tukiwapigia simu watu wanaojibu "nipo njiani". Katiba yetu inasema akidi, yaani nusu ya wanachama, isipotimia mara mbili, kamati iamue. Kamati ikaamua. Mtoa hoja nilikuwa mimi, na hoja hiyo naisimamia hadi leo.

Nyaya za intaneti za baharini zilitua Dar es Salaam tangu 2009, na Mkongo wa Taifa, nyaya zinazosambaza mawasiliano hayo mikoani, umeshafika Moshi siku nyingi. Lakini mpangaji wa chumba kimoja bado ananunua intaneti kwa vipande. Mwenzetu mmoja anauza ndizi Mbuyuni. Kwa mwezi hupata kama 150,000. Nilimkuta jioni amejiunga bando la 1,000 ili binti yake wa kidato cha nne aangalie video za hesabu. Video ya pili haikufika katikati, bando likakata. Binti alibaki na daftari wazi mapajani, kalamu mkononi. Elfu moja kila siku ni 30,000 kwa mwezi, sehemu ya tano ya kipato cha mama huyo! Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo mwaka 2018 kwamba kufikia 2025 bei ya intaneti ya kiwango cha msingi katika nchi zinazoendelea isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Nikapiga hesabu hiyo kwa kipato cha mama yule, ikaja 3,000. Ndiyo asili ya mchango wetu wa 3,000 kwa kila nyumba kwa mwezi.

Kwa wanaosema tunafanya biashara kinyemela: kuuza intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), nasi hatuuzi. Laini ni ya umoja, bili tunachangia, na ridhaa ya maandishi ya mtoa huduma ipo. Niliifuatilia mwenyewe mara tano, kwa nauli yangu.

Bili ni 100,000 kwa mwezi. Nyumba 36 zikilipa zote tunapata 108,000, lakini Septemba hadi Desemba zimelipa 22 tu, yaani 66,000. Pengo la 34,000 nimeliziba kwa fedha zangu miezi yote minne, jumla 136,000. Risiti anazo mweka hazina. Inaniuma kwamba wadaiwa ndio wa kwanza kunipigia saa tatu usiku mtandao ukiwa mzito. Desemba wageni walipojaa kutoka Dar ilikuwa lawama tupu, wakati laini ni ileile moja na watumiaji wameongezeka maradufu.

Mwakani, Mungu akijalia, tutaongeza antena kwa ambao hawajafikiwa, na maturubai tutayatazama hali ikiruhusu.

Mkutano mkuu ni Jumapili ya mwisho ya Januari, saa nane mchana. Wenye madeni waje nayo, na tafadhali tufike 32 tu, akidi itimie.

Mwenyekiti