YAH: Malalamiko kuhusu diski ya vifurushi vya Debian isiyokamilika

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Unguja Mjini.

Assalaam alaykum.

Nasimamia maabara ya kompyuta ya skuli moja hapa Chake Chake. Skuli inakulipeni ili mtuletee diski yenye nakala ya hazina ya Debian 12 (mfumo endeshi wa kompyuta), yaani vifurushi vya programu zake, na kila mwezi muisasishe. Bando letu halimudu kuvuta mamia ya gigabaiti, kwa hiyo diski hupakiwa bandari ya Malindi, Unguja, nasi tukaipokea bandari ya Mkoani. Usafiri sina neno nao. Kasoro imo ndani ya diski.

Diski ya mwezi huu niliiunganisha na seva, na mwalimu wa TEHAMA akaanza kusasisha LibreOffice (programu za kazi za ofisi) darasani. Orodha ya vifurushi iliyomo kwenye diski ikataja toleo jipya la upande wa usalama, yaani la kuziba mianya, kazi ikaanza, kisha ikakwama: faili halipo. Nilipofungua folda ya pool, wanamokaa vifurushi vyenyewe, nikakuta toleo la zamani peke yake. Ni dhahiri mlichukua orodha kwanza, na kunakili vifurushi kukakatika njiani bila mtu kuangalia. Utaratibu unaojulikana ni kinyume chake: vifurushi vipya kwanza, orodha baadaye, na vya zamani vifutwe mwisho kabisa. Tena orodha yenyewe inabeba alama ya SHA256 ya kila kifurushi, namba ya utambulisho inayobadilika faili likibadilika. Mngeilinganisha na yaliyomo kabla ya kufunga mzigo, upungufu huu mngeuona huko huko.

Lililoniudhi zaidi ni jibu la fundi wenu kwenye simu. Aliniambia niandike trusted=yes kwenye faili la vyanzo, linaloielekeza kompyuta pa kuchukua vifurushi, "mambo yatakwenda". Hayaendi: neno hilo haliwezi kuleta faili ambalo halimo. Linachofanya ni kuiambia kompyuta isihakiki tena saini ya Debian, muhuri wa kidijitali wa watengenezaji. Kulegeza ukaguzi wa tarehe nakubali, maana faili la Release la upande wa usalama, linalothibitisha orodha, huisha muda baada ya kama wiki moja, na diski inayosafiri kwa boti lazima ilegezewe hapo. Saini ni jambo jingine. Sisi tusio na intaneti ya kutosha hatuna njia nyingine ya kujua kwamba kilichomo kwenye diski ndicho kilichotoka Debian, wala hakikuguswa na mkono wa mtu.

Na upande wa usalama si wa kubahatisha. Tarehe 1 Julai 2024 ilitangazwa kasoro ya OpenSSH (programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) iliyoweza kumpa mtu wa nje mamlaka yote ya seva bila nywila, na Debian 12 ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika. Marekebisho yalitoka siku hiyo hiyo. Skuli inayotegemea diski yenu ingeyapata lini, kwa mwendo huu?

Naomba mtutumie diski nyingine kwa gharama zenu, iliyohakikiwa kifurushi kwa kifurushi, ikiwa na karatasi inayoonesha tarehe ya kunakili na matokeo ya uhakiki. Pili, kama fundi wenu amezipa skuli nyingine shauri lile la trusted=yes, zipigieni simu ziliondoe. Hili la pili lisingoje diski. Malipo ya kipindi kijacho nimeiomba skuli iyazuie mpaka diski ifike na niikague mwenyewe.

Wenu,
Msimamizi wa Maabara ya Kompyuta,
Chake Chake, Pemba.